Kusimika na kupamba

Mwezi uliopita nilihudhuria ufunguzi wa maonyesho fulani. Katikati ya ukumbi msanii alikuwa ametundika nyavu za uvuvi kutoka darini hadi usawa wa kiuno, ukitaka kufika upande wa pili sharti uiname. Mshereheshaji, aliyeinama kama sisi wengine, akashika kipaza sauti na kumshukuru msanii "kwa mapambo mazuri". Kadi ya mwaliko nayo ilisema "ufungaji wa sanaa". Nikabaki najiuliza sanaa imefungiwa wapi, au imefunga Ramadhani.

Kwa haraka: sanaa ya usimikaji (Waingereza huiita installation) ni kazi iliyoundwa kwa ajili ya mahali fulani, mtazamaji huingia ndani yake au huizunguka, na mahali penyewe ni sehemu ya kazi. Basi.

Ninalopenda ni neno lenyewe. Kusimika ni ndugu wa kusimama. Tunasimika nguzo, tunasimika mtambo, chifu anasimikwa, askofu anasimikwa. Kinachosimikwa hupewa mahali pake, na mahali hapo hapabaki kama palivyokuwa. Dayosisi iliyosimikiwa askofu leo si ile ya jana. Kufunga nako kuna kazi yake, fundi hufunga taa, hufunga feni. Lakini feni ikishafungwa chumba ni kilekile, kimepoa tu. Na kupamba ni kuongeza uzuri juu ya kilichokwisha kuwepo. Ukumbi wa harusi ukivuliwa vitambaa vyake asubuhi, unarudi kuwa ukumbi wa kukodi. Zile nyavu zikishushwa, njia tuliyopita kwa kuinama haipo tena.

Kero yangu hukua zaidi wasanifu majengo wanapoambiwa kwamba kazi za siku chache, au kupanga dirisha la duka, ni kupoteza muda, warudi kwenye majengo. Dirisha tumelitoa kwa Waajemi, na kwao asili yake ni mlango mdogo. Mbunifu Mjerumani Lilly Reich aliingilia mlango huo hasa. Mwaka 1913 alipanga dirisha la duka la dawa mjini Berlin. Mwaka 1927, katika maonyesho ya mitindo ya wanawake mjini humohumo, yeye na msanifu majengo Ludwig Mies van der Rohe walitengeneza mkahawa ambao kuta zake zilikuwa mapazia: hariri na mahameli, meusi, mekundu, ya manjano, yakining'inia kwenye mabomba ya chuma, mengine yamenyooka, mengine yamepinda. Mnywa kahawa alijua amekaa "chumba" gani kwa kitambaa kilichokuwa mgongoni mwake. Wiki chache tu, yakashushwa.

Sasa tazama yaliyofuata. Mwaka 1929, kwenye banda la maonyesho la Ujerumani huko Barcelona, kazi ya Mies na Reich tena, kuna nguzo 8 nyembamba za chuma, na kuta za mawe ya thamani zimesimama peke yake, hazikutani pembeni kama kuta za nyumba tulizozizoea. Mwaka uliofuata, katika nyumba ambayo Mies aliisanifu kwa ajili ya familia ya Tugendhat mjini Brno, katika Ucheki ya leo, ukuta wa mbao nyeusi umeizunguka meza ya chakula nusu duara. Mimi naliona lile pazia, safari hii limegeuka mti. Pazia halidai msingi wala kibali cha ujenzi. Ukikosea unalisogeza hatua mbili, unasimama tena, unatazama kwa kimo chako mwenyewe, jambo ambalo mchoro wa mezani haukupi. (Banda la Barcelona lenyewe lilibomolewa mwaka 1930, likajengwa upya miaka ya 1980.)

Karibu na kwetu, Kabage Karanja na Stella Mutegi wa Cave_bureau, ofisi ya usanifu ya Nairobi, walitundika mawe meusi ya volkano darini kwenye maonyesho ya usanifu majengo huko Venice, Italia, mwaka 2021, yakachora kwa juu umbo la pango la Mbai, walimojificha wapiganaji wa Mau Mau. Hao ni wasanifu majengo, na pale walikuwa kazini.

Mshereheshaji wangu simlaumu sana. Alikuwa na majina ya wafadhili mengi ya kusoma. Safari nyingine aseme "kazi iliyosimikwa". Na akisahau neno, akumbuke tu kwamba aliinama ili apite.