Chanjo haiamshi ugonjwa wa utumbo

Wiki hii nimempokea tena mgonjwa wa kolaitisi ya vidonda, yaani uvimbe sugu wenye vidonda kwenye utumbo mpana, aliyekwenda kuchanjwa homa ya ini B akarudishwa, kwa maelezo kwamba ugonjwa wake unatokana na kinga kuzidi na kwamba kumchanja ni kumwaga mafuta ya taa motoni. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na inawadhuru watu.

Wagonjwa wa kolaitisi na wa Crohn, uvimbe sugu unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula, wamefuatiliwa baada ya kuchanjwa, na haikuonekana kwamba chanjo huamsha ugonjwa wao. Kinachowaangusha ni nimonia, mkanda wa jeshi, na homa ya ini B inayoibuka upya kinga ikishashushwa kwa dawa kama infliksimabu.

Kinachoniudhi zaidi ni neno «chanjo» kutumiwa kana kwamba chanjo zote ni kitu kimoja. Chanjo ya homa ya ini B, ya nimonia, ya HPV (virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi) na ile ya sindano ya mafua hazina kidudu hai, kwa hiyo hutolewa hata matibabu yakiendelea. Za surua, tetekuwanga na homa ya manjano zina virusi hai waliodhoofishwa. Hizo ndizo zinazotakiwa kutangulia dawa za kushusha kinga kwa angalau wiki 4, na kwa kawaida hazitolewi dawa hizo zikiwa bado mwilini. Tena si kila dawa ya utumbo hushusha kinga: anayetumia mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, peke yake huchanjwa kama mtu mwingine yeyote, ilhali anayemeza prednisoloni, ambayo ni steroidi, miligramu 20 kwa siku kwa wiki 2 au zaidi anahitaji tahadhari kwa chanjo hai, sawa na anayetumia azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga.

Hofu ina haki yake kwa mtoto mchanga. Infliksimabu hupita kwenye kondo la nyuma na kubaki katika damu ya mtoto kwa miezi kadhaa. Mwaka 2010 iliripotiwa habari ya mtoto wa mama mwenye Crohn aliyetumia dawa hiyo akiwa mjamzito. Mtoto alichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu yenye bakteria hai waliodhoofishwa, akiwa na miezi 3, bakteria wa chanjo wakasambaa mwilini, akafariki. Hapa kwetu BCG hudungwa mara tu baada ya kuzaliwa, hivyo mama aitaje dawa yake kabla ya kujifungua. Kwa mtoto wa mama kama huyo, miongozo mingine husema BCG ingoje miezi 6, mingine 12, na mahali penye kifua kikuu kingi mimi huamua kwa moyo mzito.

Mgonjwa wangu anatumia azathioprini. Kipimo kilionyesha hana virusi vya homa ya ini B, akachanjwa siku hiyohiyo. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho nitampima kingamwili, yaani askari wa damu waliotengenezwa na chanjo, kwa kuwa dawa hupunguza mwitikio wa mwili kwa chanjo. Zikiwa chini ya yuniti 10 kwa lita, nitamchanja tena, ingawa kipimo hicho hakionyeshi kumbukumbu yote ambayo kinga huenda imeihifadhi.