Kwa nini gari lililoshushwa liligoma kukata kona

Wiki chache zilizopita nililetewa gari dogo linalovuta kwa magurudumu ya mbele. Mwenyewe alikuwa amelifunga springi fupi, likashuka kama sentimita 4, na matairi akaweka mapana zaidi ya yale lililotoka nayo kiwandani. Kwa macho lilikuwa limekaa vizuri. "Fundi, kwenye lami iliyonyooka ni tamu, ila kwenye kona ndefu pua inakimbilia nje. Tena ghafla." Neno hilo la mwisho ndilo lililonionyesha pa kuanzia, kwa sababu matairi yakiwa ndiyo yenye shida, mara nyingi gari hukuonya kidogo kidogo. Likikugeuka ghafla, aghalabu kuna kitu kimegota.

Sikufungua chochote. Nilichukua kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, nikaizungushia kwenye fimbo ya shokomzoba ya mbele na kuishusha mpaka ikagusa sili. Tukatoka, tukapita kona tatu nne kwa mwendo wake wa kawaida, tukarudi. Kamba ilikuwa imesukumwa mpaka juu kabisa, imebanwa kwenye mpira wa kuzuia, ule unaokinga vyuma visigongane springi ikijibana mno, na mpira wenyewe ulikuwa umeanza kung'aa kwa kusuguliwa. Maana yake springi ilikuwa inamaliza nafasi yake ya kujibana, kisha uzito wa pua unakalia mpira. Mpira huo ukishabanwa sawasawa ni mgumu kuliko springi kwa mbali sana, kwa hiyo katikati ya kona mbele ya gari ilikuwa inageuka jiwe.

Ugumu una ubaya gani, ikiwa magari ya mashindano nayo ni magumu? Hapa ndipo penye kiini cha habari yote, na naomba tupachukue polepole.

Tairi likiongezewa uzito linaongeza mshiko, lakini haliongezi kwa kiwango kilekile. Tuchukue hesabu ya mfano tu: matairi mawili ya mbele, kila moja limebeba kilo 300 na linaweza kuhimili kusukumwa kando kwa nguvu ya kilo 300. Jumla 600. Sasa ingia kwenye kona, la nje libebe 450 na la ndani libaki na 150. La nje litatoa labda 405, la ndani 157. Jumla imeshuka hadi 562, ingawa uzito ni uleule. Kadiri uzito unavyohama kwenda upande mmoja, ndivyo ekseli hiyo inavyopoteza mshiko.

Kiasi kinachohama kwa gari zima hukipunguzi kwa kukaza springi. Kinategemea uzito wa gari, kimo cha kitovu cha uzito, upana kati ya magurudumu na ukali wa kona. Gari la kilo 1,200, kitovu kikiwa sentimita 55 kutoka chini, upana mita 1.5, kona ya 0.7 g (yaani nguvu ya kusukuma kando ni asilimia 70 ya uzito wa gari): zinahama karibu kilo 308, uwe umefunga springi laini au ngumu. Unachoweza kuamua ni mbele ichukue kiasi gani na nyuma kiasi gani. Ekseli iliyo ngumu zaidi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uhamaji huo, na ndiyo inayoanza kuteleza. Mbele ikiwa ngumu mno, unakata usukani na gari linanyoosha. Nyuma ikiwa ngumu mno, mkia unafagia.

Ndiyo maana stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale sana kwenye kona, ni kifaa chenye nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ugumu wa chuma chake unapanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Ukitoka milimita 20 kwenda 22, umeongeza ugumu kwa karibu asilimia 46. Milimita 2 tu! Mtu akifunga ya nyuma iliyo nene ili pua iwe nyepesi kuingia kwenye kona, pua itaitika kweli, ila ajue kwamba amechukua mshiko wa nyuma kulipia.

Kushusha gari kuna mtego mwingine. Kwenye magari mengi yenye muundo wa MacPherson (springi na shokomzoba vikiwa nguzo moja inayoshika gurudumu), ukishusha sana, sehemu ambayo bodi inajiinamishia inashuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya viwili hivyo unakua, na gari linaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyolala likiwa juu. Hapo mtu anakaza springi tena, na anazidi kujichimbia.

Kwa upande wa matairi, kutoka 195/65R15 kwenda 205/50R17 (upana kwa milimita, kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana, kisha rimu kwa inchi) kimo cha jumla kinabaki karibu sawa, lakini ukuta wa tairi unapungua kutoka milimita 127 hadi 102 hivi. Usukani unaitika upesi kwa sababu ukuta haujipindi sana. Upepo nao unagusa jambo hilohilo: PSI 2 au 3 za tofauti kati ya mbele na nyuma dereva makini anazisikia, kwa hiyo naanzia hapo kabla ya kumuuzia mtu chuma chochote, nikibaki ndani ya kiwango cha kiwanda.

Nasema hili kwa msisitizo: ukinunua matairi mawili tu, mapya yaende nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele. Pua ikiteleza kwenye maji, ukipunguza mwendo kwa kawaida inarudi. Mkia ukitoka kwa sababu nyuma kuna vipara, madereva wengi hawana muda wa kuurudisha.

Turudi kwenye lile gari. Tulifunga springi zinazoshusha sentimita 2 tu, mipira mipya ya kuzuia, kisha alaimenti upya, kwa sababu kila ukibadilisha kimo, mwelekeo wa magurudumu nao unabadilika. Nikaiweka ile kamba tena, tukapita kona zilezile. Safari hii ilisimama vidole viwili chini ya mpira, na mwenye gari alikuwa anakata kona bila kukaza mikono. Sasa anataka stabilaiza nene ya nyuma. Nimemwambia aliendeshe hivi mwezi mzima, na mvua imkute humo, ndipo tuzungumze.