Ramani ya simu haikutoi kwenye machimbo ya chini ya Paris

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza "si una ramani kwenye simu, utapoteaje?" Jamani. Kazi yangu ni kupima machimbo ya zamani ya mawe chini ya Paris, naingia kwa kibali, na hili swali limenichosha kuliko yote, kwaiyo naliandikia mara moja nipumzike.

Ukishashuka mita kama 20 chini ya mwamba GPS imekufa, mtandao hamna, ile doti ya bluu inaganda palepale ulipoingilia. Ramani inabaki kuwa picha tu, na picha haijui we umesimama wapi. Afu kuna sehemu mahandaki yamepandana, moja juu ya jingine, kwenye ramani unaona mistari inakatana unadhani ni njia panda kumbe katikati kuna mwamba mtupu, na njia aliyopita mtu mwaka juzi leo unakuta imejazwa zege au dari limeshuka. 2017 vijana wawili walipotea kule chini siku tatu, waliowapata ni mbwa wa uokoaji.

Kupima kwenyewe ni dira, kipimo cha leza na subira. Unasoma pembe, umbali na mwinuko, unahamia kituo kinachofuata (yaani sehemu ya kusimama kupimia), unarudia mpaka magoti yanauma. Kosa la digrii 1 tu kwenye mita 100 linakutupa pembeni kama mita 1.75, na vituo vikiwa mamia makosa yanabebana. Niliwahi kupoteza kutwa nzima hesabu hazikubali, kumbe tochi yangu ya kichwani ndo ilikuwa inaivuta sindano ya dira kila nikiinama kusoma! Ndo maana nasema kila siku, funga mzunguko, rudi mpaka kituo ulichoanzia uone umekosea kiasi gani, usipofunga hujapima, umechora.

Kinachosaidia kuliko simu ni ukuta. Ardhi ilititia vibaya 1774, mfalme Louis XVI akaunda ofisi ya ukaguzi wa machimbo 1777 chini ya msanifu majengo Guillaumot, na mafundi wake kila walipojenga ukuta wa kushikilia dari walichonga namba, herufi G ya jina lake na mwaka. Wakachonga na jina la barabara iliyo juu yake. Ila mitaa mingine ilishabadilishwa majina, chini limebaki lile la zamani, kwaiyo mwenye ramani ya mji ya leo pekee anasoma jina ukutani halioni popote.

Eti kule chini kote ni mifupa ya watu: hapana. Mahandaki ni kama kilomita 300, njia ya watalii yenye mifupa ni kama kilomita 1.5. Na hayakuchimbwa kuzikia watu, walikuwa wanatoa mawe ya chokaa ya kujengea mji, mifupa ilianza kuhamishiwa 1786 makaburi yalipojaa.

Eti marufuku ni ya maneno tu: kuingia kumekatazwa tangu 1955, polisi wana kikosi chao cha humo humo na faini ni euro 60. Kuna anayeniambia hiyo ni hela ndogo, sawa, ila kibali changu hakina nafasi ya mgeni, msiniombe.