Idadi ya Wagogo Haimo Kwenye Sensa ya 2022

Kila wanafunzi wanapoanza kuandika tafiti zao, dirisha letu la maulizo hapa Dodoma hupokea swali lilelile: "Naomba idadi ya Wagogo, Warangi na Wasandawe kwa mujibu wa sensa ya 2022." Akiambiwa haipo, mwombaji huondoka akiamini amenyimwa. Malalamiko ya namna hiyo yamezidi, ndiyo maana tunaandika.

Hakuna aliyenyimwa kitu. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ni ya mwaka 1967. Za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza, na swali lisiloulizwa halina jedwali. Idadi za makabila zinazozagaa mitandaoni ni makadirio. Kabla hujazibeba, uliza zimepatikanaje.

Lugha nayo inachanganywa mno. Sensa ya 2012 iliuliza kama mtu anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili, Kiingereza, vyote viwili au lugha nyingine. Hicho ni kisomo, jamani. Bibi wa Kwamtoro anayeongea Kisandawe tangu alfajiri hadi anapolala, kama hakusoma, ataandikwa hajui kusoma na kuandika, basi. Kisandawe chake hakimo. Nimewahi kusoma tasnifu iliyoigeuza safu hiyo kuwa "wazungumzaji wa Kiswahili", na ilipita.

Anayetafuta lugha zenyewe aanze na Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwetu huku kazi ipo: ukizunguka Kondoa na Chemba utakutana na Kirangi cha Kibantu, Kiburunge cha Kikushi, Kidatoga cha Kiniloti, na Kisandawe chenye vidoko, yaani sauti za kudokoa kwa ulimi. Ila usichukue jumla ya watu wa wilaya ukaiita idadi ya wasemaji.

Kuhusu mchanganyiko wa watu, swali la sensa linalosaidia ni la mahali pa kuzaliwa. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012. Mwaka 2022 walifika 765,179. Ongezeko hilo si la uzazi peke yake, na anayedhani kila mkazi wa Dodoma ni Mgogo apite Nkuhungu jioni asikilize.

Sasa utaratibu. Majedwali yaliyochapishwa yapo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Hayahitaji barua wala kufahamiana na mtu. Data ghafi, yaani majibu ya mtu mmoja mmoja, huombwa kwa kujisajili na kueleza matumizi, nayo hutolewa ikiwa imeondolewa majina. Usiombe majina: Sheria ya Takwimu inakataza kutoa taarifa inayomtambulisha mtu, na watumishi wamekula kiapo.

Ukiamua kukusanya mwenyewe vijijini, pitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na halmashauri, kisha Mtendaji wa Kata, kisha wa Kijiji. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Asili ya mtu kikabila ni taarifa nyeti. Kuifichua isivyo halali kunaweza kumgharimu mtu binafsi faini ya hadi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Daftari la majina na makabila halipigwi picha likarushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Na barua ya mwenyekiti wa kitongoji si kibali.