Mbu asiyeshika malaria: kijidudu kilichogunduliwa kando ya Ziwa Victoria

Mbu hazaliwi na malaria. Anapochomoza kutoka kwenye maji ya dimbwi hana kimelea hata kimoja mwilini, na ni jike tu, anayehitaji damu ili mayai yake yakomae, anayeweza kukipata kwa kumuuma mtu ambaye tayari ana vimelea. Hata hapo hawi wa hatari papo hapo. Vimelea hupenya ukuta wa utumbo wake, hujenga vifuko vidogo upande wa nje wa utumbo, huzaliana humo kwa maelfu, kisha hupasua vifuko hivyo na kusafiri hadi kwenye tezi za mate, safari ambayo kwa kawaida huchukua siku 10 hadi 14. Mbu akifa kabla ya hapo, au vimelea wakikwama njiani, atauma na kuwasha ngozi tu bila kumwambukiza mtu malaria.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu bila kulielewa hatuwezi kuupima vizuri ugunduzi uliochapishwa Mei 2020 katika jarida la Nature Communications na watafiti wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, chenye makao yake Kenya, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow. Katika mbu aina ya Anopheles arabiensis waliokusanywa Kenya, ikiwemo Mbita kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, walikuta kijidudu kinachoishi ndani ya seli za mbu, wakakiita Mikrosporidia MB. Ni jamii ya karibu ya kuvu. Mbu aliyekuwa nacho hakukutwa na vimelea vya malaria, na mbu wa namna hiyo walipolishwa damu yenye vimelea katika maabara, vimelea havikufaulu kukua ndani yao. Baadhi ya vichwa vya habari vilikimbilia kutangaza kwamba malaria imepata kiboko yake. Tusiende mbio kiasi hicho.

Kazi yenyewe ni ya subira. Mtafiti huingia nyumbani mwa watu asubuhi, kwa ruhusa ya wenyeji, akiwa na tochi na kijibomba cha kunyonyea, na kuwatoa ukutani mmoja mmoja mbu jike waliotulia na tumbo jekundu la damu. Kila mmoja huwekwa peke yake katika kichupa chenye karatasi iliyoloweshwa maji, akaachwa atage. Akishataga, mama huyo hupondwa na kupimwa vinasaba, na ikionekana kwamba alikuwa na kijidudu, mayai yake hutunzwa, viluwiluwi wakalishwa, hadi kipatikane kizazi cha ndugu wanaoweza kulinganishwa na mbu wengine. Chupa nyingi huishia kumwagwa, kwani katika maeneo mengi yaliyochunguzwa mwanzoni mbu wenye Mikrosporidia MB hawakufikia hata 10 katika kila 100.

Kinachotuvutia zaidi sisi tunaoshughulika na wadudu ni kwamba kijidudu hiki hakimdhuru mwenyeji wake kwa namna inayoonekana. Mbu huishi, hutaga na kuzaa kama wenzake. Dawa ya kuua wadudu huwaangamiza mbu dhaifu na kuwaacha sugu waendelee kuzaana, na ndiyo maana leo dawa zilizowekwa kwenye vyandarua hazina makali yaliyokuwapo miaka 20 iliyopita. Mbu asiyepata hasara kwa kubeba kijidudu hana sababu kubwa ya kukikataa. Kuhusu namna kinavyozuia malaria, yapo mawazo mawili: kwamba kinaamsha kinga ya mwili wa mbu kabla vimelea hawajaingia, au kwamba kinakula chakula ambacho vimelea wangekihitaji.

Mikrosporidia MB hukaa kwa wingi katika utumbo na katika ovari, na hivyo mama hukirithisha kwa watoto kupitia mayai. Mwaka 2021 watafiti walionyesha njia ya pili, yaani dume mwenye kijidudu humpa jike wakati wa kujamiiana. Njia hii ina uzito wake, kwa sababu dume haumi mtu. Chakula chake ni maji matamu ya maua. Anaweza kuachiliwa kijijini bila kumwongezea mwenye nyumba hata kero ya usiku mmoja.

Mfano wa mbinu kama hii upo tayari, ingawa ni kwa ugonjwa mwingine. Mjini Yogyakarta, Indonesia, mbu aina ya Aedes aegypti waliopandikizwa bakteria waitwao Wolbachia waliachiliwa mitaani, na wagonjwa wa dengi wakapungua kwa asilimia 77 katika maeneo hayo yakilinganishwa na mengine. Lakini Wolbachia inampa jike aliye nayo faida ya uzazi dhidi ya asiye nayo, na hiyo ndiyo inayoisukuma hadi ienee. Kwa Mikrosporidia MB msukumo wa namna hiyo bado haujathibitishwa.

Kikwazo kingine ni cha kiufundi tu, na kwa maoni yangu ndicho kizito zaidi. Vijidudu vya kundi hili haviwezi kuzaliana nje ya seli hai, kwa hiyo hatuwezi kuvifuga katika mapipa kama hamira kisha tukavinyunyiza mabwawani. Hadi sasa chombo cha kuvibebea ni mbu mwenyewe, na anayetaka madume elfu kumi yenye kijidudu analazimika kuyafuga yote, kuanzia yai hadi mbawa. Dalili moja ya kutia moyo inatoka kwenye majira ya mwaka: kiwango cha mbu wenye kijidudu kilionekana kupanda baada ya mvua kubwa, wakati ambapo mbu wenyewe nao ni wengi. Kama madume yataachiliwa siku moja, huenda huo ndio msimu wa kuanzia.