Kizunguzungu Kinachoamshwa na Mkao wa Kichwa: Maswali na Majibu

Kwa nini nikigeuka kitandani, au nikiinama kuokota korosho shambani, naona kila kitu kinazunguka, kisha baada ya muda mfupi hali inatulia?

Kizunguzungu cha namna hii, ambacho kwa kawaida hakimalizi dakika moja, mara nyingi hutokana na sikio la ndani. Humo mna kifuko chenye chembe ndogo mno za chokaa zinazousaidia mwili kutambua mwendo na mvuto wa ardhi, na kando yake ipo mirija mitatu ya nusu duara, iliyojaa majimaji, inayotambua mzunguko wa kichwa. Chembe hizo zikibanduka na kuingia katika mrija, hasa ule wa nyuma, kila kichwa kinapobadili mkao huzama kama mchanga ndani ya ndoo ya maji na kuyasukuma majimaji, hivyo ubongo hupata habari kwamba kichwa kinazunguka ilhali hakizunguki. Zikishatua, kizunguzungu hukoma. Wengi wanaopatwa wamevuka miaka 50, wanawake zaidi ya wanaume, ingawa hata kijana aliyegonga kichwa katika ajali ya bodaboda anaweza kupatwa.

Nitajuaje kwamba si presha wala malaria?

Presha ikishuka unaposimama, macho huingia giza ukahisi kama utazimia. Mwenye tatizo la chembe huona kuta na paa vikizunguka hata akiwa bado amelala, kwa kule kugeuka ubavu tu, na ni muhimu sana amweleze daktari jambo hilo waziwazi. Kupima presha na malaria ni sahihi. Kinachonisikitisha ni kuona mtu akimeza dawa ya mseto ya malaria bila kipimo, kisha kizunguzungu kikabaki palepale.

Kipimo chake ni kipi?

Hakihitaji mashine. Mtaalamu hukukalisha kitandani, hukugeuza kichwa upande mmoja kwa nyuzi 45, kisha hukulaza chali kwa haraka huku kichwa kikining'inia kidogo nyuma ya ukingo wa kitanda, akiyatazama macho yako. Mboni zikianza kuchezacheza na kizunguzungu kikaja baada ya sekunde chache, sikio lenye tatizo ni lile lililoelekea chini. Utaratibu huu ulielezwa na Dix na Hallpike wa London mwaka 1952, na hadi leo ndio unaotegemewa.

Tiba ya fiziotherapia (tiba ya mazoezi na mikao ya mwili) hufanywaje?

Kwa kuwa chembe zimepotea njia, tiba ni kuzirudisha zilikotoka kwa kukigeuza kichwa hatua kwa hatua. Njia inayotumika zaidi ni ya daktari John Epley wa Marekani, aliyoichapisha mwaka 1992. Tuseme sikio lenye tatizo ni la kulia. Unalazwa kama katika kipimo, kichwa kikiwa kimeelekea kulia, na unabaki hivyo kwa sekunde 30 hadi dakika moja, hata kama kizunguzungu kimepanda. Kisha kichwa kinageuzwa kushoto bila kuinuliwa, mnasubiri tena. Halafu unalalia ubavu wa kushoto mwili mzima, pua ikielekea sakafuni, mnasubiri mara ya tatu. Mwisho unainuliwa taratibu ukae, kidevu kikiwa chini. Kazi yote huchukua dakika chache, na wagonjwa wengi hupona kwa awamu moja hadi tatu. Kichefuchefu kikija katikati, usikatishe, kwa sababu ni dalili kwamba chembe zinasogea.

Vidonge vya kizunguzungu vya duka la dawa hupunguza kichefuchefu, lakini haviziondoi chembe, na vikitumiwa kwa muda mrefu huleta usingizi unaoweza kumwangusha mzee.

Naweza kufanya mwenyewe nyumbani?

Unaweza, baada ya kupimwa na kuelekezwa, kwani upande ukikosewa hakuna nafuu. Kitanda cha kamba kilicholegea hakifai. Tandika godoro sakafuni, weka mto chini ya mabega ili kichwa kishuke, na awepo mtu wa kukushika. Mwenye maumivu ya shingo au uti wa mgongo asijaribu kabla ya kuonwa na mtaalamu. Mpaka utulie, usipande mnazi, usiendeshe pikipiki wala usiingie baharini kuvua.

Ni wakati gani nikimbilie hospitali?

Kizunguzungu kikiandamana na uso kupinda, maneno kutamkika kwa shida, mkono au mguu kukosa nguvu, kuona vitu viwiliviwili, kichwa kuuma ghafla kwa ukali au kushindwa kusimama, huenda ni kiharusi, na hapo usisubiri hata saa moja. Vilevile sikio likiziba ghafla na kuacha kusikia, nenda siku hiyohiyo. Kwa kizunguzungu cha kugeuka tu, anzia kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa kwenda hospitali ya Ligula mjini Mtwara, au ya Sokoine mjini Lindi, ukaulizie huduma ya fiziotherapia.

Kikirudi je?

Hurudi kwa watu wengi, pengine baada ya miezi au miaka, na tiba ni ileile. Pimwa tena kwanza, maana safari hii huenda ni sikio la upande wa pili.