Kulinganisha Saa za Seva kwa Ansible: Faili Sahihi Si Saa Sahihi

Saa ya ndani ya seva huongozwa na fuwele, na fuwele hiyo ikipotoka kwa sehemu 20 tu katika kila milioni, saa hukosea kwa takriban sekunde 1.7 kila siku. Kosa hilo huonekana dogo mpaka siku mfumo wa Kerberos, unaothibitisha utambulisho wa watumiaji na ambao kwa kawaida huvumilia tofauti isiyozidi dakika 5, utakapoanza kuwakataa watumiaji wenye nywila sahihi.

Itifaki ya NTP, ya kulinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao, iliyobuniwa na David Mills wa Marekani na kuchapishwa mwaka 1985, hurekebisha kosa hilo kupitia poti 123 ya UDP. Kuisanidi kwenye seva moja ni kazi ya dakika chache. Kwenye seva 200, mkono huchoka na macho hukosea. Kwa Ansible, programu ya kusanidi seva nyingi kwa pamoja, msimamizi huandika mara moja hali anayoitaka: programu ya chrony, inayotumia NTP kurekebisha saa, iwepo, faili lake la usanidi litokane na kiolezo kimoja, na huduma iwashwe upya pale tu faili linapobadilika. Kiolezo kizingatie kwamba, kati ya matoleo ya Linux, Red Hat huliweka faili hilo katika /etc/chrony.conf, ilhali Debian huliweka katika /etc/chrony/chrony.conf.

Vyanzo vya wakati viwe angalau vinne, kwa kuwa viwili vikipingana seva haina namna ya kujua kipi kinadanganya. Agizo la «makestep 1.0 3» katika faili hilo nalo lisiondolewe ovyo: huruhusu saa iliyopotoka kwa zaidi ya sekunde 1 kurukishwa katika masahihisho 3 ya mwanzo pekee, na baadaye husogezwa polepole, jambo linaloinusuru hifadhidata isione wakati ukirudi nyuma. (Seva iliyo nyuma ya saa ya Nairobi au Dodoma kwa saa 3 kamili huenda inaonyesha tu saa ya kimataifa ya UTC, anayeisogeza kwa mkono ndiye anayeiharibu.)

Wengi huishia hapo, nami naona ni mapema mno. Ansible itaripoti mafanikio hata kama fayawoli imeziba poti 123, kwa sababu iliombwa kuandika faili, na faili limeandikwa. Hatua ya mwisho iwe amri ya «chronyc waitsync 12 0.1», ambayo husubiri takriban dakika 2 na kurudisha kosa iwapo saa bado haijakaribia wakati sahihi kwa chini ya sekunde 0.1.